Avoka wa yule aliyetutesa

   Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo watu wengi hawaipendi mpaka siku wanapoihitaji: kazi ya avoka mbele ya mahakama.

Tunapoongea sheria na watu waliofukuzwa na vita, kuna swali moja lisilokosa. Linasemwa hivi: "Yule mtu aliua. Tulimwona kwa macho. Sasa mnatuambia kwamba ana haki ya kupata avoka wa kumtetea. Na sisi je, siku ile nani alitutetea?" Swali hili ni zito, na anayelikasirikia hajui machungu ya watu. Mimi nilisoma sheria chuo kikuu, lakini sivai joho wala sisimami mbele ya juji. Kazi yangu ni kuwaelezea raia sheria zao. Kwa hiyo siutetei ugali wangu. Nitalijibu swali kwa njia ya historia, tena historia ya nchi yetu wenyewe, maana sisi Wakongomani tumekwisha kuona kwa macho yetu mahakama isiyo na mtetezi inafanya nini.

Kwanza tuelewane juu ya watu wanaokaa ndani ya chumba cha mahakama. Kuna juji, au majuji, ambao wanasikiliza na kukata neno. Kuna mtu wa parke, au auditora kama ni mahakama ya kijeshi: huyu anasema kwa jina la Leta na anamshtaki mtu. Kuna karani anayeandika. Kuna mshtakiwa, na pembeni yake avoka wake. Na kuna mtu mwingine ambaye wengi wetu tunamsahau: yule aliyeumizwa, au jamaa ya aliyekufa. Yeye pia ana haki ya kuingia katika kesi na kudai fidia, na anaweza kuwa na avoka wake. Shika neno hili, tutalirudilia. Maavoka wa pande zote mbili wanatoka katika chama kimoja, wanavaa joho moja, na mara nyingine wanakunywa chai pamoja baada ya kesi. Hilo linawakwaza watu wengi, lakini si dalili ya kwamba wameuza kesi.

Watu husema kwamba avoka ni kitu cha Wazungu. Joho ndiyo, ni la Wazungu. Lakini mtu wa kusema kwa niaba ya mwingine tulikuwa naye. Kwa ndugu zetu Wakongo, kule chini kwenye jimbo la Kongo-Central, yeye anaitwa nzonzi. Ukoo ukiwa na neno na ukoo mwingine, kwa shamba, kwa mahari au kwa kifo, kila upande unaleta nzonzi wake, mtu anayejua mezali, nyimbo na historia ya koo. Anasimama, anasema, anakaa, na wa upande wa pili anasimama. Hakuna aliyemwita mwovu kwa sababu alikubali kusema kwa ajili ya ukoo wenye makosa. Wazee walijua kwamba mtu mwenye hasira, mwenye woga au mwenye haya hawezi kulipanga neno lake mwenyewe.

Katika nchi hiyo hiyo ya manzonzi, mwaka 1921, mtu mmoja alihukumiwa bila mtu hata mmoja wa kumsemea. Mtu huyo ni Simon Kimbangu. Mwezi wa Aprili mwaka ule, katika kijiji cha Nkamba, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu waliacha kazi, waliacha mashamba, wakaenda kwake kwa makundi. Serkali ya Wabeljiji iliogopa. Ikatangaza utawala wa kijeshi katika sehemu ile, na jambo hilo likabadili kila kitu: mhubiri, raia asiyeshika bunduki, alipelekwa mbele ya mahakama ya askari huko Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu. Aliyeongoza mahakama alikuwa Komanda de Rossi. Kesi ilianza mwisho wa mwezi wa Septemba, na tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikasomwa: fimbo 120, halafu kifo.

Angalia vizuri namna ile kesi ilivyofanyika. Aliyeuliza maswali alikuwa na mamlaka ya Leta nyuma yake. Aliyehukumu alikuwa ofisa wa Leta ile ile. Mshtakiwa hakuwa na avoka. Nani angewauliza mashahidi kama kweli walimsikia Kimbangu akiwaita watu wapigane? Nani angesema kwamba kuombea mgonjwa si kosa katika sheria yoyote iliyoandikwa? Hakuna. Wamisionari Wabaptisti waliandika kuomba asiuawe, na mfalme Albert wa Ubeljiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alisafirishwa mbali kabisa na kwao, mpaka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Alikaa katika buloko ile miaka 30. Akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Je, hukumu ile ilileta amani? Wabeljiji walihamisha wafuasi wake kwa maelfu, wakawatupa majimbo ya mbali, na kila walipopelekwa walipanda imani yao. Watu hawakukubali siku hata moja kwamba Kimbangu alikuwa na kosa, kwa sababu walijua hakusikilizwa. Miaka mingi nyuma ya hukumu, Mahakama Kuu ya Kijeshi ya nchi yetu iliifuta na kumrudishia jina lake. Fikiri, ndugu msomaji: miaka mingi hivyo kwa kunyoosha kazi ya siku chache.

Mtaniambia: hao walikuwa wakoloni, sisi wenyewe tulifanya vizuri zaidi. Hapana, hatukufanya vizuri zaidi.

Tulipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na juji wa kazi hata mmoja aliye Mkongomani. Wabeljiji walikuwa wamefundisha makarani, wauguzi na mapadri, lakini sheria waliishika mkononi mwao mpaka dakika ya mwisho. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Majuji Wabeljiji walipokimbia, mahakama zilibaki kama nyumba bila mwenyewe, na ilibidi kutafuta watu hata nchi za nje. Nalisema hili ili mtu asishangae kwamba mila ya kutetea watu mahakamani ni changa kwetu.

Basi tufike mwaka 1966. Mobutu alikuwa amechukua utawala miezi sita tu mbele yake. Mwisho wa mwezi wa Mei, walikamatwa watu wanne wakubwa: Évariste Kimba wa Katanga, aliyekuwa waziri mkuu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba, na Alexandre Mahamba, hawa watatu waliokuwa mawaziri. Waliambiwa wamepanga kuiangusha serkali. Mahakama ya pekee ikaundwa kwa ajili yao, majuji wakiwa maofisa wa jeshi, na watu wakaitwa kuja kutazama. Kesi haikufika hata masaa mawili. Maavoka hawakuwako. Majuji walijitenga kidogo tu, wakarudi na neno la kifo. Tarehe 2 Juni 1966, katika siku za Pentekoste, wote wanne walinyongwa mbele ya makumi ya maelfu ya watu pale Kinshasa, mahali ambapo leo kuna uwanja mkubwa wa mpira. Na uwanja ule unaitwaje? Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Wale walioitwa wasaliti leo wameachiwa jina lao juu ya uwanja wa taifa.

Emmanuel Bamba, mmoja wa wale wanne, alikuwa Mkimbangu. Mtu wa kanisa lililozaliwa katika kesi isiyo na mtetezi naye alikufa katika kesi isiyo na mtetezi. Mimi kila nikifika hapo katika historia yetu huwa nasimama kidogo.

Kama wale wanne walikuwa na kosa au hawakuwa nalo, hatutajua kamwe. Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Avoka angewauliza wale maofisa waliodai kwamba walivutwa katika njama: nani alianza kusema, nyinyi au wao? Swali hilo halikuulizwa, na jibu limezikwa.

Baada ya hapo Leta iliweka sheria za kazi ya avoka. Mwaka 1968 palitoka sheria ya kupanga vyama vya maavoka, vinavyoitwa Baro. Halafu ile ya tarehe 28 Septemba 1979, ambayo mpaka sasa ndiyo msingi wa kazi yao. Sheria hiyo inatofautisha avoka na yule anayeitwa défenseur judiciaire, mtetezi wa mahakama za chini. Avoka anaweza kwenda mahakama nyingi za nchi. Mtetezi yule anafanya kazi katika mahakama za eneo lake. Wote wawili ni watu wa sheria, na kijijini mara nyingi utampata huyu wa pili mbele ya yule wa kwanza.

Lakini avoka hodari akisema mbele ya juji anayeogopa simu ya mkubwa ni kama mtu anayepigia ngoma viziwi. Marcel Lihau, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kupata diploma ya sheria, alikuwa mkubwa wa Mahakama Kuu ya nchi tangu mwaka 1968. Mwaka 1975 Mobutu alimwondoa, kwa kuwa hakukubali kutoa adhabu kali dhidi ya wanafunzi walioandamana. Majuji waliobaki walielewa somo.

Kisha zikaja zile vita ambazo nyinyi mnazijua kuliko mimi. Serkali ya Laurent-Désiré Kabila iliunda mwaka 1997 mahakama iliyoitwa Cour d'ordre militaire. Ilipaswa kuhukumu askari. Ikahukumu na raia. Aliyehukumiwa pale hakuwa na njia ya kukata rufaa. Mwezi wa Januari 2000, mtoto askari wa miaka 14 aliuawa na Leta nusu saa tu baada ya hukumu yake. Katika nusu saa avoka hawezi hata kuandika ukurasa mmoja. Na Kabila mwenyewe alipouawa mwaka 2001, mahakama ile ile iliwahukumu watu zaidi ya mia moja ndani ya gereza la Makala. Tarehe 7 Januari 2003 watu 30 walipewa hukumu ya kifo. Hukumu haikutekelezwa, lakini wengine walikaa gerezani karibu miaka ishirini, na kanali Eddy Kapend alitoka kwa msamaha wa rais mwaka 2021. Nani aliyemwua Kabila? Uliza watu kumi, utapata majibu kumi. Kesi iliyofungwa haraka imeacha swali wazi.

Sasa turudi kwa yule mama na swali lake: na sisi je, nani alitutetea?

Nitakupeleka Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini. Usiku wa mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2011, askari wa Leta waliingia mjini Fizi, wakapiga watu, wakanyang'anya mali na kubaka wanawake. Wiki chache tu baadaye mahakama ya kijeshi ilitoka Bukavu ikaja kukaa Baraka yenyewe. Hii tunaiita mahakama inayotembea: majuji, auditora, makarani na maavoka wanapanda gari au mtumbwi, wanafuata kesi mahali ilipotokea. Wanawake 49 walitoa ushahidi wao. Walikuwa na maavoka wao wa kuwasaidia kupanga maneno na kudai fidia. Askari nao, pamoja na mkubwa wao Luteni Kanali Kibibi Mutware, walikuwa na maavoka. Tarehe 21 Februari 2011, Kibibi alipewa miaka 20 ya gereza. Maofisa wengine watatu walipewa 20 pia, askari wadogo wakapewa kati ya 10 na 15. Mmoja aliachiliwa, na mwingine, kwa kuwa alikuwa mtoto, kesi yake ikapelekwa kwa juji wa watoto.

Yule mmoja aliyeachiliwa, wengine walimwona kama doa katika kesi nzuri. Mimi naona kinyume. Hukumu inayomwachilia mmoja baada ya kumchunguza inampa nguvu yule juji anapomtia hatiani mwingine. Kanali hakuweza kusimama na kusema: mlitukamata wote kwa kapu moja. Na wanawake wa Fizi waliweza kurudi nyumbani wakijua kwamba neno lao lilipimwa, likagongwa, likashikilia.

Fidia ni jambo jingine. Hukumu nyingi zinazoamuru Leta iwalipe wahanga zimelala kwenye karatasi miaka na miaka. Avoka anayekuahidi kwamba utapata pesa mara tu hukumu ikisomwa, usimwamini.

Minova mambo hayakwenda vile. Mwezi wa Novemba 2012 askari waliorudi nyuma kutoka Goma waliwatendea watu wa Minova mambo mabaya sana. Kesi ilianza Goma mwaka uliofuata. Washtakiwa walikuwa 39. Wanawake walikuja kusema wakiwa wamefunikwa vichwa na nyuso ili wasijulikane. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikatoka: kwa kosa la kubaka walipatikana na hatia askari wawili tu. Watu walilia. Wengi walisema maavoka wa askari wamewanunua majuji. Lakini ukitazama kwa utulivu, ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Upelelezi ulikuwa dhaifu: katika giza na woga, mama angemtambuaje askari kwa jina? Ilibidi wapelelezi waonyeshe ni kikosi gani kilikuwa wapi, chini ya amri ya nani, na kazi hiyo haikufanywa ipasavyo. Tena ile ilikuwa mahakama ya kijeshi ya operesheni, ambayo hukumu zake hazina rufaa. Kwa hiyo waliokosa rufaa pale walikuwa wahanga. Unaona? Mlango wa rufaa ukifungwa, haufungwi kwa mshtakiwa peke yake.

Na Kavumu, karibu na Bukavu, watu walijifunza kidogo. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watoto wa kike, wengine wadogo sana, walichukuliwa usiku na kubakwa. Maavoka wa jamaa zao walipambana miaka mingi ili mambo yaliyoitwa kesi mojamoja yaunganishwe kuwa kesi moja ya kundi moja. Maneno ya watoto yalikuwa yamechukuliwa mbele kwa video, ili wasilazimishwe kusema tena na tena. Mashahidi walijificha nyuma ya pazia na sauti zao zikabadilishwa. Tarehe 13 Desemba 2017 Frederic Batumike, deputé wa jimbo, na watu wake kumi walipewa kifungo cha maisha. Yeye alikuwa na maavoka, alikata rufaa, akasikilizwa tena mwaka 2018, akashindwa. Leo hakuna anayeweza kusema kwamba deputé yule alifungwa kwa siasa bila kusikilizwa.

Ndugu zetu wa Ituri wananiambia: na La Haye je? Huko mbali wana maavoka wengi na kesi hazimaliziki. Kweli. Kesi ya Thomas Lubanga, juu ya watoto walioingizwa jeshini, karibu ivunjike mwaka 2008 kabla haijaanza. Maavoka wake waligundua kwamba mwendesha mashtaka anazo karatasi zaidi ya 200 ambazo wao hawakuonyeshwa, na kati yake kulikuwa na zile zilizoweza kumsaidia mshtakiwa. Mwezi wa Juni majuji waliisimamisha kesi nzima. Nakumbuka maneno ya watu: wazungu wanamlinda muuaji. Karatasi zilitolewa, kesi ikaanza mwezi wa Januari 2009. Halafu maavoka wale wale walionyesha kwamba watoto kadhaa walioletwa kutoa ushahidi walikuwa wamefundishwa cha kusema na watu wa katikati. Majuji wakawaweka kando mashahidi hao. Kilibaki nini? Zilibaki video, ambamo Lubanga mwenyewe anaonekana kambini akiongea na vijana wadogo. Alihukumiwa mwaka 2012, miaka 14, na rufaa ikathibitisha mwaka 2014. Maavoka walitingisha mti kwa nguvu zote. Matunda mabovu yakaanguka, mti ukabaki.

Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kwa shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012. Majuji hawakuwaamini mashahidi wakuu dhidi yake. Walisema pia kwamba ingefaa wapelelezi wafike vijijini, wachukue karatasi za kuzaliwa na za shule ili kujua nani ni nani. Tena wakasema neno ambalo lingepaswa kusomwa katika kila kanisa na kila msikiti wa Ituri: kumwachilia mtu huyu hakusemi kwamba Bogoro hapakutokea kitu. Watu walikufa. Kilichokosekana ni ushahidi wa kutosha juu ya mtu huyu. Tukiweza kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja, maumivu yetu kwa mkono mmoja na shaka ya haki kwa mkono wa pili, hatutachoma nyumba ya mtu siku anaporudi kutoka mahakamani. Najua ni rahisi kusema kwenye redio.

Sasa sheria ya leo, maana wakubwa wa kambi wameniomba niiseme wazi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inaagiza kwamba mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, na aachwe awasiliane na jamaa yake au avoka wake. Hawezi kuwekwa kasho ya polisi zaidi ya masaa 48. Akipitisha hapo, aachiliwe au apelekwe kwa mwenye mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe au kuteteawa na mtu anayemchagua, tangu upelelezi wa polisi. Usingoje siku ya kusomwa kesi. Mambo mengi yanaharibikia pale mwanzo, mtu anapotia kidole kwenye PV ambayo hakusomewa.

Na kifungu cha 61. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa "état de siège", na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa mahakama za askari. Ilikuwa miaka mia moja kamili tangu mwaka wa Kimbangu, na mimi sikupenda kufanana kule. Lakini kuna tofauti moja. Kifungu cha 61 kinasema kwamba hata katika utawala wa kijeshi, haki ya kujitetea na haki ya rufaa haziguswi. Kifungu hicho hicho kinakataza kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Wako watu wangapi katika makasho yetu kwa ajili ya deni la dola 50? Shefu, ukiletewa kesi kama hiyo, unajua sasa cha kusema.

Kwa mashefu nina neno lingine. Mwendelee kupatanisha watu kwa mbuzi aliyekula mihogo, kwa mpaka wa shamba, kwa mahari. Hiyo ni kazi yenu. Lakini ubakaji haupatanishwi kwa mbuzi wala kwa ndoa. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimekataza kumaliza kosa hilo kwa amande ya polisi, zimeweka mwezi mmoja kwa upelelezi wa mwanzo na miezi mitatu kwa kesi na hukumu, na zinasema mhanga awe na avoka tangu mwanzo mpaka mwisho. Miezi hiyo haiheshimiwi mara nyingi. Ndiyo sababu ya kumtafuta avoka: mtu wa kugonga mlango wa parke kila juma.

Pesa utatoa wapi? Kila Baro inapaswa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini. Ziko katika miji yenye Baro, kama Goma, Bukavu na Lubumbashi. Utaulizwa karatasi ya umaskini, certificat d'indigence, inayotolewa na wakubwa wa Leta wa mahali ulipo. Mkimbizi wa vita asiambiwe kwamba lazima arudi kuitafuta kijijini kwake palipoungua. Mkubwa wa kambi aandamane naye kwenye ofisi, amshuhudie. Na mtu akija kambini akisema "mimi ni avoka, nipe dola 20 nikuandikishe kwa fidia", muulize kadi yake ya Baro, uandike jina lake, halafu upeleke jina hilo Baro waulize kama wanamjua. Avoka wa kweli hachukii kuulizwa kadi.

Kama bado una karatasi za kuzaliwa za watoto, bulletini za shule, karatasi ya hospitali au ya shamba, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uzilinde. Mmesikia majuji wa La Haye walivyozitafuta. Aliyepoteza zake asikate tamaa: juma lijalo, siku hii na saa hii, tutazungumza juu ya namna ya kutafuta karatasi mpya ya kuzaliwa kwa mtoto aliyezaliwa njiani, na mtu wa ofisi ya etat-civil atakuwa pamoja nasi. Andaeni maswali yenu, myape mashefu wa kambi wayakusanye. Kwaherini.